Anaomba Maji

Kwa muda wa miaka thelathini, au kwa muda wa alasiri moja ndefu, maana katika mji ule vipimo hivyo viwili vilichanganywa kama wali na mchuzi, hakuna mtu aliyekufa mdomoni mwa Mwinyimvua. Machoni pa watazamaji walikufa wengi, na hilo halikufichika. Askari alipigwa risasi ya kifua, akaanguka kifudifudi topeni, farasi wake akaenda zake peke yake, na Mwinyimvua, ameketi juu ya kigoda kando ya pazia jeupe, kipaza sauti mkononi, aliwaambia watu kwa sauti tulivu: "Amejilaza. Safari imemchosha." Jeneza lilipita limebebwa na wanaume sita wenye makoti meusi. "Wanahamisha kabati," alisema. Mama alimfumba mwanawe macho, akaukumbatia mwili uliolegea, akafunua kinywa bila kutoa sauti; Mwinyimvua akasema kwamba mtoto yule ni mvivu, hataki kuamshwa aende shule. Na ukumbi mzima ukacheka, kicheko cha watu waliochungulia kisima kirefu kisha wakavutwa nyuma kwa kola.

Kazi yake ilikuwa hiyo, ufasiri wa filamu. Filamu zilikuja kutoka nchi ambazo hakuna aliyezijua, zikisema lugha ambazo hakuna aliyezisikia kwingine, naye alizisemea zote: wanaume kwa sauti ya kifuani, wanawake kwa sauti ya puani, wafalme kwa kikohozi. Spika kubwa ilitundikwa nje juu ya mlango wa ukumbi, hivyo hata asiyeingia alisikia, na ufasiri ule ukamwagika njiani, ukaingia majikoni na sokoni, ukawa ndiyo lugha ya mji. Watu walianza kusema "amejilaza" hata pale walipokuwa wamesimama juu ya udongo mbichi, mikono imechafuka. Wachimba makaburi waliitwa watandika vitanda. Mjane aliulizwa hali ya mumewe akajibu, "Bado amelala," akaendelea kuchambua mchele. Mji ukawa mtulivu, utulivu wa mtu aliyebana pumzi.

Mara nyingi Mwinyimvua alijiuliza, anaponawa miguu kabla ya kulala: je, mwenye neno ndiye mwenye jambo? Ukilinyima jambo jina lake, hupungukiwa nguvu, au huenda likakusanya nguvu gizani, kama jipu? Alikuwa na siri, na siri yenyewe aliijua mkewe peke yake: katika lugha zote alizofasiri, hakujua hata moja. Alitazama nyuso, akatunga.

Kisha Kidawa, mkewe, akaugua.

Ugonjwa ulimwingia kwa miguu. Zilivimba nyayo, yakafuata magoti, ukapanda kama maji yanavyopanda ukutani wakati wa masika, pasipo mtu kuona yanapopita. Ulipofika kifuani, Kidawa alimwita mumewe akamwambia neno moja ambalo halikuwa limetamkwa mjini kwa muda mrefu.

"Bwana, tutakane buriani."

Huo ulikuwa mwenendo wa watu wa pale tangu kale. Mgonjwa anapoona njia yake imekaribia, humwita mwenzake, mwenzake huketi kichwani pake, kila mmoja hutaja alilomkosea mwenziwe, husameheana, ndipo hupeana buriani. Wazee waliamini kwamba aliyenyimwa buriani hukwamwa na roho kooni, haitoki, hairudi. Na Mwinyimvua, aliyezoea kugeuza maana za mambo, aliichukua imani ile akaipindua kama mtu anavyopindua shati: basi kama asiyepewa haendi, mimi sitatoa.

"Kesho," alimjibu.

Tangu alipolitamka neno hilo, saa ya ukutani ilianza kutetemeka mahali pamoja, mshale wake ukiigusa dakika bila kuivuka. Birika lililokuwa jikoni liliunguruma lisichemke. Ndizi zilizowekwa juu ya kabati zilikataa kuiva kupita pale zilipofika. Mwinyimvua alizikagua kila asubuhi, akazibonyeza kwa kidole, akatabasamu. Alidhani ameshinda. Ilimchukua siku nyingi, au alfajiri moja, kutambua kwamba maumivu ya mkewe nayo yalisimama palepale, kama mgeni aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba asipate pa kutokea. Kidawa hakuzidiwa, hakupona. Alipumua pumzi fupi fupi, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda.

"Leo ni kesho?" alimuuliza siku hiyo inayosimuliwa hapa.

"Bado, mke wangu."

"Basi kesho yako ina miguu mibovu kuliko yangu."

Alicheka, kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi. Mwinyimvua alimpangusa midomo, akamrekebishia mto, akaurekebisha tena ingawa ulikuwa sawa. Akawaza: Nikisema, ataondoka. Nisiposema, atakaa. Akikaa, anaumia. Akiumia, yupo. Yupo. Yupo. Aliyarudia hayo kama mwanafunzi anavyokariri jedwali la kuzidisha, akihofu kwamba akikosea tarakimu moja jumla nzima itamporomokea. Kisha akavaa kofia yake akaenda kazini, adhuhuri, jua likiwa utosini.

Mlangoni mwa ukumbi alimkuta Salhina, mwanamke aliyeendesha mashine ya picha, amepakata kopo la bati lisilo na jina.

"Nimelikuta hapa kizingitini," alisema Salhina. "Nimeutazama mkanda kidogo. Kaka, mle hamna bunduki, hamna farasi. Kuna mtu na mkewe chumbani."

"Wanafanya nini?"

"Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Mfasiri mimi au wewe?"

Watu waliingia. Mbele kabisa aliketi Chande, mshona viatu, amenyoa upara siku hiyohiyo, mkononi ana karanga katika kikaratasi. Chande hakuwahi kukosa filamu wala hakuwahi kunyamaza ndani yake. Taa zikazimwa. Pazia likang'aa. Chumba kikaonekana, na kitanda, na mwanamke aliyelala chali; mwanamume amesimama mlangoni, mgongo ameupa watu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotendeka. Nzi alitembea juu ya shuka. Mwanga wa dirishani ulisogea kiasi cha shibiri.

"Imekwama!" alisema Chande.

"Haijakwama," Salhina alijibu kutoka juu. "Ndivyo ilivyo."

Ndipo mwanamke wa filamu alipofungua kinywa akasema maneno matatu. Na Mwinyimvua, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kufahamu hata silabi moja ya alichofasiri, alifahamu. Lugha ilikuwa ngeni kama zote, lakini maana ilimwingia yote, kama ubaridi unavyoingia mfupani. Mwanamke amesema: Nipe buriani yangu.

Ukumbi ulimngoja. Akasogeza kipaza sauti.

"Anaomba maji," alisema.

Kwenye pazia, mwanamume alitoka, akarudi na kikombe. Mwanamke akatikisa kichwa. Akayasema tena maneno yale yale.

"Sasa... anaomba shuka. Anaona baridi."

Mwanamume akatoka, akaleta shuka. Mwanamke akatikisa kichwa, akasema.

"Anaomba kitana."

Akaletewa. "Anaomba mto wa pili." Akaletewa. Mwinyimvua aliona kwamba yule mwanamume wa filamu humsikiliza yeye. Halisikii ombi la mkewe, husikia ufasiri. Lakini ulimi ulikuwa umeshika mteremko. Akaomba taa, akaomba kiti, akaomba mtungi, beseni, mkeka, kanga mbili, sufuria, mwavuli, na kila alichokitaja kililetwa kikawekwa juu ya kitanda, kwa mapenzi, kwa uangalifu, mwanamume akikisawazisha kwa viganja kama amfunikaye mtoto, mpaka ikawa haionekani miguu ya mwanamke, kisha hakikuonekana kifua, ukabaki uso tu kati ya vyombo, nao ukisema neno lile lile.

"Huyu bibi ana tamaa!" Chande alipiga kelele. "Hata aliyehama nyumba haombi vyote hivyo!"

Wengine walicheka. Kicheko kilichukua muda mrefu kufika nyuma ya ukumbi, na kiliporudi kilikuwa kimezeeka. Mwinyimvua aligeuka kuwatazama watu wake. Kucha zao zilikuwa zimerefuka. Upara wa Chande ulikuwa umeota nywele, na nywele zenyewe zilikuwa nyeupe; karanga zilikuwa zimechipua ndani ya kikaratasi, mizizi yake imemzunguka vidole. Hakuna aliyeshangaa. Waliketi wakitazama mbele kwa utiifu, na Mwinyimvua akafahamu kwa mara ya kwanza amewaweka wapi miaka yote hiyo.

Alipolirudia pazia, mwanamume wa filamu alikuwa amegeuka. Uso wake ulikuwa uso wa Mwinyimvua, kabla hajaota mvi. Alikuwa amebeba kabati zima mgongoni.

"Niambie anachotaka," alisema yule mtu. "Nimechoka kubeba."

Hapo bega la Mwinyimvua likaguswa. Ni Salhina, ameteremka kutoka chumba cha mashine, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kaka, mbona unaendelea kusema? Mkanda uliisha zamani. Mashine imezima."

"Na hawa je?"

"Akina nani? Mimi naona pazia tupu."

"Tupu vipi, wewe?" Chande alidakia, na mara hiyo hapakuwa na mzaha kooni mwake. "Mama yangu yule pale kitandani. Kwani hamumwoni?"

"Mimi namwona mwanangu," alisema mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, taratibu. "Anataka nini mwanangu, bwana mfasiri? Midomo yake naiona. Maneno siyasikii."

Wote walimgeukia. Kila mmoja alikuwa na wake kitandani, chini ya lundo la vyombo. Mwinyimvua aliwaza kukimbia, aliwaza kusema anaomba dirisha lifunguliwe, anaomba redio, anaomba mjusi afukuzwe ukutani. Vitu havijaisha duniani. Mtu aweza kuomba vitu milele. Lakini uso kati ya vyombo ulikuwa umekwisha kufunikwa hadi mdomoni, na sufuria moja tu, ikiongezwa, ingeuziba.

"Haombi maji," alisema Mwinyimvua. "Hakuomba maji hata mara moja. Anaomba buriani. Anakufa, na kufa kumemkatalia, kwa kuwa anayempenda amemnyima neno."

Kufa. Neno lilitoka kinywani mwake likapita katika waya, likaruka nje kwenye spika, likatua njiani mchana kweupe. Ukumbi haukulia mara moja. Kwanza watu walilijaribu, kila mtu kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu jino lililouma kwa ncha ya ulimi.

"Mama yangu alikufa," alisema Chande. Akaisikiliza sentensi yake. "Jamani, alikufa! Nami nilikuwa naenda kumwamsha kila Idi."

Mwanamke wa safu ya nyuma alikuja mbele akasimama mbele ya kigoda. Mwinyimvua alidhani atapigwa, na aliona ni haki.

"Mwanangu hakuwa mvivu," alisema yule mama.

"Hakuwa mvivu," Mwinyimvua alikubali.

"Liseme hapo kwenye chombo chako."

Alilisema, likasikika hadi sokoni. Mama yule akaitikia kwa kichwa, akajifunga upande wa kanga kichwani kama wafiwa wafanyavyo, akatoka. Wengine wakamfuata, wawili wawili, wakishikana mikono, wakitajiana majina ya watu wao.

Ndipo hofu ilipompiga Mwinyimvua mahali papya. Spika! Nyumba yake ilikuwa njia ya tatu kutoka ukumbini, na dirisha la Kidawa halikuwa na kioo. Amelisikia. Amelisikia neno, na huenda neno halichagui limetoka kwa nani. Huenda limemfungua koo, ameondoka peke yake, mumewe akiwa amekalia kigoda akiwahudumia watu wengine. Alikurupuka. Kofia ilianguka hakuiokota. Alikimbia juani, na vivuli vilivyokuwa vimesimama chini ya kuta vilianza kusogea alipopita, na hilo likamzidishia kiwewe, maana ikiwa wakati umeanza kwenda, basi umeanzia wapi kama si kitandani pa Kidawa?

Alipoingia ua wa nyumba alisikia birika likichemka, kifuniko kinarukaruka. Ndizi juu ya kabati zilikuwa nyeusi tititi. Saa ilikuwa ikitembea, kwa kishindo, kama mtu mwenye haraka. Alisimama mlangoni mwa chumba, mgongo ameupa mwanga, akakosa ujasiri wa kutazama.

"Ingia basi," alisema Kidawa. "Unaniwekea kiza."

Alikwenda akaketi kichwani pake, mahali ambapo kwa siku zote zile alikuwa akipakwepa.

"Nimekusikia," alisema Kidawa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ila ina ule ukali wa nyumbani. "Umewaambia watu wote, bwana. Mke wako ndiye uliyemsahau."

"Sikukusahau. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nikikupa, utakwenda."

"Usiponipa, je, utanitia koponi na chumvi kama samaki? Mwinyimvua, nimechoka. Mwili huu umekuwa chumba cha mtu mwingine, na mtu mwenyewe ananigongea usiku na mchana. Nawe uko mlangoni unamwambia, subiri."

Mwinyimvua aliwahi kujifunza shuleni kwamba kufa ni kitenzi cha mmoja: nafa, wafa, afa; hakina umbo la wawili kutendana. Lakini kutakana kunadai wawili. Hakuna awezaye kutakana peke yake. Kwa hiyo, aliwaza, sehemu ya jambo hili iliyo yangu ni hii tu, nami ndiyo niliyoikataa. Ile ya kufa haikuwahi kuwa mkononi mwangu, kuitoa wala kuizuia.

"Haya," alisema. "Tutakane."

"Nianze mimi, nina moja linanikera," alisema Kidawa. "Kwenye harusi ya shangazi yako niliapa mbele ya wanawake kwamba mume wangu anajua lugha saba. Niliapa kwa jina la Mungu. Yamini ile imenikaa shingoni."

"Saba?"

"Walikuwa wananiringia. Mume wa mmoja wao anajua tatu."

Mwinyimvua alicheka pasipo kukusudia, machozi yakamtangulia.

"Nimekusamehe. Na mimi nimekukosea. Nimekuzuia hapa nikaliita jambo hilo mapenzi. Uliomba neno nikakuletea mito."

"Mito mingi mno. Shingo inaniuma. Nimekusamehe. Tena?"

Walitajiana mengine, madogo na makubwa. Mengine Kidawa aliyataja kwa kumnong'oneza, na hayo hayaandikwi hapa. Saa ilipiga. Nje, watu walipita wakielekea makaburini, wakisoma dua, na hakuna aliyesema wanakwenda kumtembelea aliyelala. Hatimaye hapakubaki cha kutaja. Mwinyimvua aliushika mkono wa mkewe, ule uliokuwa umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, akaufungua kidole kimoja kimoja.

"Buriani, Kidawa. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Nami nipe yangu, sijui yangu lini."

"Buriani, bwanaangu. Nimekuwia radhi."

Akafumba macho. Mwinyimvua akaanza kungoja. Alitazama kifua kikishuka. Alihesabu. Kilibaki chini muda ambao yeye mwenyewe hakuvuta pumzi, muda wa kuzaliwa na kuzeeka, naye hakutafuta neno la kukiita hicho alichokuwa akikiona, hakutunga, hakugeuza, alikiacha kiwe. Kisha kifua kikapanda.

Kidawa alifungua jicho moja.

"Umeona? Sijafa bado," alisema. "Pengine jioni. Pengine Alhamisi. Sasa niinue kidogo unikune mgongo, tangu uliposema kesho hujanikuna."

Alimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, mifupa yake ikisomeka chini ya ngozi mmoja baada ya mwingine. Alimwegemeza kifuani pake akaanza kumkuna kwa kucha, polepole, akihofia kumuumiza.

"Juu kidogo," alisema Kidawa. "Siyo hapo. Kushoto. Kushoto kwangu, bwana, si kwako. Hapo."

Akamkuna hapo.